Mwanamke Aliyetazama Midomo

Kwetu Nyabiondo tulimwita Mama Titulaire, kwa sababu ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye karatasi iliyoletwa na mjumbe wa zone ya afya, nikashangaa kwamba naye analo jina kama watu wengine.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miguu midogo isiyotulia. Unapomsalimu hakukuangalia machoni. Alikuangalia mdomoni. Wageni walidhani ni dharau. Sisi tuliomzoea tulijua anachotafuta: alitaka kuona kama pembe mbili za midomo zinapanda pamoja. Sokoni alimsimamisha mtu yeyote mwenye mvi, hata kama amebeba mzigo kichwani.

"Cheka nione," alisema.

Mtu anacheka.

"Inua mikono yote mbili. Sasa sema: maharagi ya Nyabiondo iko tamu."

Mtu anasema maharage ni matamu. Akiyasema vizuri, Mama Titulaire alikwisha kuondoka bila kuaga. Ilifika mahali wazee wetu walianza kucheka na kuinua mikono wakiwa bado hatua ishirini mbali naye, ili asiwacheleweshe. Mgeni aliyepita sokoni siku hizo angefikiri tumepatwa na furaha ya ajabu.

Vitabu husema kiharusi. Kwetu watu husema AVC, kama madaktari, au husema tu kwamba fulani amepooza. Wengine husema amepigwa, halafu wanaanza kutafuta aliyempiga. Mama Titulaire aliukasirikia ugonjwa huo kama mtu anavyomkasirikia jirani aliyemdhulumu. Malaria aliitibu kwa utulivu, uzazi aliuongoza huku akiimba, lakini akisikia kwamba mtu ameangusha kikombe asubuhi na hawezi kukiokota, alivua kandambili akakimbia pekupeku.

Jumapili moja mchungaji wetu wa zamani alikuwa anahubiri habari za Ayubu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na yaliyonyooka. Akasema vizuri kabisa, "Bwana alitoa," na alipotaka kuendelea, sauti zilizotoka hazikuwa Kiswahili wala Kihunde wala Kifaransa. Mama mmoja wa safu ya mbele akapaza sauti: "Haleluya! Roho ameshuka!" Kanisa zima likasimama, ngoma zikaanza, watu wakalia kwa furaha.

Mama Titulaire alipita katikati yetu akitusukuma kwa viwiko.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Hii haiko Roho! Roho hapindishake muntu kinywa!"

Ngoma zikakatika. Akasimama mbele ya mimbari. "Papa Muchungaji, inua mikono." Mmoja ulipanda. Ule wa kuume ulibaki ukining'inia kando ya kanzu kama si wake. "Nani iko na moto hapa inje?" akauliza, akimaanisha pikipiki, na vijana watatu wenye nazo wakatoka mbio.

Mchungaji alipona. Baada ya miezi alirudi madhabahuni, akihubiri polepole na kwa ufupi, na walikuwapo waliosema kwamba Mungu ametujalia mara mbili. Lakini shemasi mmoja alidai Mama Titulaire aombe radhi kwa kukatiza ibada.

"Nitamuomba Roho mwenyewe," alijibu. "Tunajuana."

Hakuwa wa kwetu. Alitoka Itebero, huko msituni Walikale, na milima yetu ya Masisi haikumzoea wala yeye hakuizoea. Alisema sisi tunaishi kama ndege, bila miti ya kujificha. Alichukia maziwa. Jibini yetu aliiita sabuni. Na aliogopa ng'ombe. Mwanamke huyu aliyewahi kusimama mlangoni pa kituo na kuwaambia watu wenye bunduki kwamba chumba cha uzazi hakiingiwi na viatu, nao wakavua, huyu huyu alizunguka kilima kizima ili asipite penye fahali mmoja aliyefungwa kamba. "Yule muntu ya bunduki unaweza kusema naye," alinieleza. "Ng'ombe utamuambia nini?"

Alisali sana, na hata hivyo kulikuwa na swala mdogo wa msituni ambaye ukoo wao haumli, na yeye hajamla mpaka leo. Nilipomtania kwamba hiyo ni mila ya kizamani, alinitazama mdomoni. "Si kila kitu inahusu mikrobe, Mwalimu," akasema. Aliwakataza watu chumvi kwa ukali mkubwa, na kwenye droo ya meza yake, chini ya kadi za chanjo, palikuwa na kipande cha makayabo, samaki wa chumvi anayenuka mpaka barabarani. Yeye mwenyewe alikuwa na tension, yaani shinikizo la damu. Kidonge chake alikimeza hadharani kila asubuhi, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni, akafungua kinywa waone kimekwenda. "Dawa ya tension haiko ya kupona," aliwaambia. "Iko ya kila siku, kama sala." Mchungaji hakupenda mfano huo, lakini watu waliuelewa.

Mimi nilikuwa, na bado niko, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimjua kwa sababu alikuwa akiazima darasa langu siku za Jumamosi ili kuwafundisha relais, wale wanakijiji wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwaelimisha watu habari za afya. Nilikaa nyuma nikisahihisha madaftari, nikajifanya sisikilizi.

Jumamosi moja alichora kichwa cha mtu ubaoni, kikatokea kama boga. Akaeleza kwamba AVC ni mshipa wa damu kichwani kuziba, au kupasuka, na sehemu inayokosa damu hufa. Hayo wote waliyajua.

"Sasa musikilize kipande yenye batu habasemaka," akasema. "Nyumba ya jirani ikiungua, munafanya nini?"

"Tunakimbia kuzima," wakajibu.

"Bote?"

"Bote."

"Na maharagi yenye iko pembeni ya ile nyumba?"

Bibi mmoja akasema, "Inakanyagwa."

"Ndiyo, njo vile. Mu damu muko balinzi, chembe nyeupe. Hata mu bongo yenyewe muko benye banakaaka mule siku zote. Sehemu ikikufa, bote banakimbilia. Banaleta joto, banaleta uvimbe. Badocteur banaita enflamasyo. Banakuya kusaidia, lakini biko bengi, biko na haraka, na banakanyaga hata sehemu yenye haikukufa. Njo maana mugonjwa anaweza kuwa na nafuu siku ya kwanza, siku ya tatu anaharibika."

Kulikuwa na relais mmoja ambaye pia aliuza dawa sokoni. Akainua mkono. "Basi tubafukuze, Mama Titulaire. Dawa iko. Dexa, ile sindano ya sokoni, inaondoa uvimbe yote."

Mama Titulaire aliweka chaki chini.

"Na majivu nani ataitoa? Bale bale benye bamekanyaga maharagi, kisha siku chache njo banaokota mabati, banafagia, banasimamisha miti mipya. Ukibafukuza, majivu inabaki mule mule. Tena kuna kitu ingine. Bongo ikipigwa, balinzi ba mwili muzima banalegea. Sijue juu ya nini Mungu alipanga vile, nitamuuliza. Lakini milango ya nyumba zingine zote inabaki wazi. Sasa wewe unaongeza dexa juu, unalaza na bale bachache benye balibaki macho. Mwizi anapitia wapi? Anapitia kifua. Benye munaona banakufa na AVC siku ya saba, siku ya kumi, wengi banakufa na kifua."

Kisha akawapa amri zake, akazirudia mpaka wakazikariri: mgonjwa akae, asilishwe akiwa chali. Kabla ya chakula chochote, kijiko kimoja cha maji, na usikilize kama anakohoa. Asipoweza kumeza, usimlazimishe. Msugue meno na ulimi kila siku. Mgeuze ubavu. Usichanje ngozi yake kwa wembe. Na mlete haraka, usingoje jioni wala maombi, maombi yatamkuta njiani.

Niliendelea na madaftari yangu. Nilidhani hayo ni masomo ya watu wengine.

Mwaka uliofuata, tukiwa mlimani tunang'oa maharage, mume wangu alinyoosha mkono akasema, "Nipe..." akaishia hapo. Nilicheka, nikifikiri ananitania. Alirudia, "Nipe... nipe..." na jembe likamtoka. Nikamwambia acheke. Nusu ya uso wake ilicheka. Nusu nyingine ilinitazama tu.

Majirani walimbeba kwa kipoyi, ile machela yetu ya mianzi, wakateremka naye mbio. Mama mkwe wangu alifika kituoni kabla yetu, sijui alipita wapi, akiwa na kikombe cha uji. Alikuwa amekwisha kumwinua mwanawe kichwa ili amnyweshe, Mama Titulaire alipoingia na kukichukua kile kikombe mkononi mwake.

"Unamunyima mutoto yangu chakula?" mama mkwe alilia.

"Namunyima kifo, Mama. Ukae hapa karibu yake, umushike mukono. Hiyo haikatazwe."

Barabara ya Goma, ambako ndiko kuna mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, ilikuwa imefungwa wiki ile kwa sababu ya vita. Daktari wa hospitali kubwa alisema kwenye simu kwamba tumtunze palepale mpaka njia ifunguke. "Bila ile picha hatujue kama mushipa imeziba ao imepasuka," Mama Titulaire alinieleza. "Kwa hiyo aspirini, hapana kwanza. Ikiwa imepasuka, itamuongezea kuvuja damu kichwani. Tutafanya yenye tunajua." Na aliyoyajua aliyafanya kwa mikono yake mwenyewe: alimkalisha, akamgeuza, akamsugua meno kwa kitambaa, akamjaribu kwa kijiko cha maji. Mume wangu alikohoa. Basi, hakuna uji. Aliwekewa maji ya mshipa.

Siku ya pili shemeji yangu alifika akiwa na chupa ndogo tatu za dexa mfukoni. Ni mtu mwema, na alikuwa ametoka mbali kwa miguu. "Shemeki," aliniambia, "hii njo inaponyesha batu. Kila muntu sokoni anajua." Mama Titulaire alikuwa chumba cha pili akizalisha. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno yake yote ubaoni. Niliyajua karibu kwa moyo. Lakini mume wangu alikuwa amelala pale akinitazama kwa jicho moja, na hofu haisomi madaftari. Nikasema ndiyo. Mimi mwenyewe nilimshika mkono ili atulie wakati sindano inaingia.

Alipotoka kwa mzazi, Mama Titulaire aliona shingo ya chupa iliyovunjwa, sakafuni. Aliiinua.

"Ngapi?" akauliza.

"Moja."

Nilingoja anitukane. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kazini. "Moja tu?" akauliza tena. "Moja tu, kweli?" Kisha akanyoosha kiganja, na shemeji akampa chupa mbili zilizobaki.

Kuanzia hapo hakurudi nyumbani kwake. Alisikiliza kifua cha mume wangu asubuhi, adhuhuri na jioni. Siku ya nne homa ikapanda, na yeye akawa wa kwanza kuisikia ile sauti ya mlio mdogo mapafuni, kama majani makavu yanayokanyagwa. Alimwanzishia dawa za kuua vijidudu saa ileile, akamkalisha wima akiegemea mgongo wangu, kutwa nzima. Nilikuwa nyuma yake nikihisi kila pumzi yake mgongoni mwangu. Nikaanza kulia.

"Nimemuua," nilisema.

"Hapana," alinijibu bila kupunguza sauti. "Hii homa ingeweza kukuya hata bila ile sindano. Usijibebeshe yote. Jibebeshe kidogo tu, ya kukumbuka."

Homa ilishuka siku ya saba. Kijiko cha maji kikapita bila kikohozi. Mama mkwe wangu akaruhusiwa kuleta uji wake, mzito, kwa kijiko kidogo, na alilia tena, safari hii kwa jambo jingine.

Njia ilipofunguka walimpeleka kwa daktari, akarudi na vidonge vyake na fimbo. Ndipo Mama Titulaire alipomshika kweli. Alimwekea mbele yake bakuli la maharage mekundu na meupe yaliyochanganywa, akamwamuru ayatenganishe kwa ule mkono mgonjwa, punje moja moja. Maneno ya mume wangu yalikuwa yamepotea yote isipokuwa moja, sijui kwa nini lilibaki hilo: ng'ombe. Alipotaka maji, ng'ombe. Aliponiita, ng'ombe. Na Mama Titulaire alipomlazimisha kuanza upya bakuli lililomwagika, alimkazia macho akanguruma, "Ng'ombe!"

"Ah," alisema yeye, ambaye hakuna kitu alichokiogopa zaidi duniani. "Mugonjwa mwenye kutukana iko anapona."

Leo mume wangu anatembea. Mkono wa kuume unashika kikombe, haushiki jembe. Maneno yamerudi, yanakuja taratibu, na kwa kuwa watu humngoja, anaongea kuliko zamani.

Sitaki mtu afikiri aliwaponya wote. Kulikuwa na mama mmoja aliyeletwa baada ya siku tatu katika chumba cha maombi, chali, akinyweshwa maziwa. Alikufa kabla jua halijapinduka. Mama Titulaire alimfunika, akaandika kwenye daftari lake, akaenda nyumbani akalima ua wake wote mchana ule, jua likiwaka, mpaka hapakubaki jani. Kesho yake asubuhi aliniuliza kama watoto wa marehemu wako darasani kwangu, na kama wamekula.

Alipostaafu alirudi Itebero. Hakutaka sherehe. Aliacha kituo kikiwa safi na akamwachia mrithi wake maelekezo ya kurasa nyingi ambayo, nasikia, yule kijana huyasoma kwa siri na kuyafuata yote.

Zaidi ya mwaka ulipita. Halafu akanipigia simu. Mtandao ulikatika mara nne. "Kuya," alisema. "Niko na kazi. Natafuta shahidi mwenye haiko wa kwetu." Nilimuuliza kazi gani. "Kuya kwanza."

Nilikwenda kwa pikipiki, halafu kwa miguu, halafu kwa pikipiki tena, siku tatu. Nilimkuta amekonda kidogo, amesimama mlangoni, na kabla sijatua begi nilicheka na kuinua mikono. Hakutabasamu. Alinipa maji ya kuoga na chakula, akaniambia nipumzike, kesho asubuhi watu watakuja.

Asubuhi walikuja wazee wa ukoo, na shemasi, na mwanamke mwenye umri kama wake aliyekaa pembeni, kitenge begani. Mama Titulaire alisema huyo ni mjane wa mdogo wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa na mdogo wake.

Alisimama kuzungumza, kama darasani.

"Munakumbuka mudogo yangu alipopooza, akiwa kijana bado," alianza. "Mulimuweka mikononi mwangu kwa sababu mi njo nilisoma. Nilikuwa nimetoka shule ya bauguzi miezi michache. Nilimupiga dexa siku tano. Nilisema, kichwa imevimba, tuondoe uvimbe. Tena nilimunywesha supu amelala chali, kwa sababu Mama alikuwa analia ati mutoto iko na njaa. Siku ya sita kifua ikajaa. Mulisema ni Baba mudogo amemukaza pumuzi, kwa sababu ya ile mabishano ya mitego mu pori. Muliita Baba mudogo mulozi. Mulimuvusha mto."

Mzee mmoja aliweka fimbo yake chini.

"Mi nilisikia ile kifua kwa masikio yangu. Nilijua ni maji na mikrobe. Nikanyamaza."

"Juu ya nini ulinyamaza?" aliuliza mzee mmoja.

"Niliogopa mungeniita mi njo mulozi."

Kijana mmoja, mtoto wa marehemu nadhani, kwa jinsi sura yake ilivyofanana na ya Mama Titulaire, alisimama. Sauti yake ilikuwa chini. "Basi wewe njo ulimuua Papa?"

"Sijue," alisema. "AVC ingeweza kumuua peke yake. Zamani ile hatukujua yenye tunajua leo, na hata leo badocteur bangali banatafuta dawa ya kutuliza bale balinzi bila kubalaza. Kama alikufa kwa ajili yangu, hiyo sitaijua mupaka nakufa. Lakini kitu moja najua. Haikukuwa Baba mudogo."

Shemasi aliinamisha kichwa. Wazee walianza kunong'onezana kwa Kinyanga, lugha nisiyoijua vizuri. Mzee mkubwa kuliko wote akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, kwamba maneno yamepokelewa, na kwamba neno la zamani limeondolewa juu ya mtu yule. Mjane alikuwa ameangalia mikono yake muda wote.

"Tuende," Mama Titulaire aliniambia. "Kama wao wamesikia, yeye pia asikie kutoka kwangu, si kwa mujumbe."

Tulivuka mto kwa mti uliolazwa. Njiani aliniambia kwamba tangu siku ile ya zamani hakuna mtu wa ukoo aliyekula kwa mkono wa baba yake mdogo. Watoto walifundishwa kutupa hata pera aliloliokota. Waliosalimiana naye walisalimiana kwa mbali.

Tulimkuta mzee mrefu, mkavu, akigeuza samaki juu ya moshi. Hakuonyesha mshangao. "Mwana yangu," alimwita. Mama Titulaire alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akamweleza yote upya, bila kuacha siku hata moja, bila kuacha supu. Mzee aliendelea kugeuza samaki wake mmoja baada ya mwingine.

"Umeisema mbele ya batu?" aliuliza mwishowe.

"Mbele ya bote."

"Leo?"

"Leo asubuhi. Nilipaswa kuisema zamani sana, Baba mudogo."

"Ndiyo," mzee alisema. "Ulipaswa."

Akainuka, akaingia ndani. Tulisikia mchi ukigonga. Alirudi na lituma, ndizi zilizopondwa zikiwa bado na mvuke, na samaki wawili juu ya jani pana. Aliviweka mbele yetu, akakaa mbali kidogo, mikono magotini. Hakugusa. Hakutukaribisha wala hakutukataza.

Mama Titulaire alinawa. Akamega lituma, akachovya, akala. Akamega tena. Nami nikanawa nikala. Pilipili ilikuwa nyingi mno, machozi yakanitoka, na hakuna aliyecheka.

Mzee hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama nyuma yetu, penye ukingo wa ua. Niligeuka. Mjane alikuwa amesimama pale, kitenge begani, miguu yake imelowa maji ya mto. Alikuwa ametufuata muda wote huo bila sisi kujua.

"Na wewe, muke wa mutoto yangu," mzee alisema. "Chakula inapoa."

Nilimwona mjane akimtazama mzee, halafu akimtazama Mama Titulaire aliyekuwa bado anatafuna, ameinamisha uso. Halafu akaja. Akakaa kati yetu, akanawa kwenye maji yetu, akamega tonge dogo sana, akaliweka kinywani.

Mzee alingoja mpaka alipolimeza. Ndipo naye akasogea, akanawa mikono, akala pamoja nasi.